Mkanda Mpya, Ufunguo Mfukoni

"Mkanda wa taimingi wa injini ya gari langu nimebadilisha mwenyewe nyumbani, fundi hajagusa!" alitamba jamaa wa kiti cha mbele yangu kwenye basi la Winnipeg, akimwonyesha bibi aliyeketi kando yake kucha zake nyeusi kwa grisi kana kwamba ni cheti. Kotini mwake palishonwa jina, Duane.

"Hongera, mwanangu. Gari liko wapi?"

"Nyumbani. Sijaliwasha tangu Jumamosi." Leo Alhamisi.

"Injini uliizungusha kwa spana kwanza?"

"Mara mbili, mama, haikugonga. Lakini nikiwa nimekosea jino moja tu la mkanda, nikiwasha tu pistoni zinagonga vali, injini kwisha!"

"Mwanamume mzima unaogopa ufunguo! Mimi mkanda wa gari langu nilibadilisha mwenyewe, nikaliwasha nimefumba macho."

"Likawaka?"

Basi zima tulitega masikio. Likasimama kituoni, bibi akashuka na tiketi yake ya basi ya mwezi mzima mkononi, akicheka peke yake.