Viungo Alivyovivuta Bi Dagny

Tarehe thelathini Aprili 2004, Bi Dagny Bjerregaard ataweka chini chuma chake cha kulehemu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika karakana yetu ya redio za kujiundia hapa Lemvig, mji wa wavuvi. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki kati ya waliokuwapo alipoingia kwetu mara ya kwanza. Naomba radhi mapema. Niliandikishwa shule ya misheni, ambako hatukufundishwa kuchekesha, na habari yenyewe haina mengi ya kuchekesha.

Siku hizi masanduku yetu hununuliwa na watu wanaotafuta burudani ya majira ya baridi. Zamani wanunuzi wengi walikuwa wake wa wavuvi. Ndani ya sanduku walikuta vipande, waya na kijitabu cha maelekezo; wakaketi mezani jikoni, wakaunda redio ya kuwasikilizia waume zao wakizungumza kutoka mashuani. Bi Dagny alikuwa mmoja wao. Mumewe, Kresten, alimtania mbele ya wageni: "Mke wangu, hiyo ni redio au mtego wa panya?" Ilipolia mkesha wa Krismasi, Kresten mwenyewe ndiye aliyeibeba nyumba kwa nyumba kuionyesha.

Februari 1971 ilivuma dhoruba, na mashua ya Kresten ilikuwa nje na watu wanne. Wanawake wa mtaa walikwenda nyumba ya misheni kuomba. Bi Dagny alibaki nyumbani asikilize kwa niaba ya wote. Alimsikia Kresten akisema kwamba wanageuza kurudi. Kisha redio ikanyamaza. Akadhani wamo kazini hawana nafasi ya kusema. Kituo cha pwani hakikupokea wito wowote. Mashua haikuonekana tena.

Wiki mbili baadaye alikuja karakanani akiwa ameifunga redio kwa shali. Niwieni radhi kwa kujitaja, lakini ndimi niliyeipokea. Alisema, "Ejnar, niambie moja tu. Redio ndiyo ilikufa, au wao ndio walinyamaza?"

Niliifungua, nikaiwasha, ikavuma vizuri. Kisha nikagonga meza kwa kidole, ikanyamaza. Nikagonga tena, ikarudi. Palikuwa na kiungo kimoja cha waya ambacho lehemu yake iliganda kabla ya kushika. Kwa macho ni kizima, lakini nyumba ikitikiswa na upepo, kinaachia.

Marehemu Bwana Toftgaard, mwenye karakana, alinivuta nyuma ya rafu. "Mwambie betri ziliisha, bwana we. Mwonee huruma mama wa watu."

Shuleni tulifundishwa kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Nilimwambia, "Dagny, sijui kama waliita. Kama waliita, usingeweza kuwasikia."

"Kiungo hicho mlikilehemu ninyi, au mimi?"

"Wewe."

Alifunga kitambaa chake kichwani, akashukuru, akatoka. Alizipitia nyumba za wajane wenzake watatu akawaeleza. Mlango wa nyumba mojawapo haujafunguliwa kwake hadi leo. Jumatatu alirudi kuomba kazi.

Tangu hapo hakuna redio ya mfano, wala ya mteja iliyoletwa kukaguliwa, iliyotoka hapa bila kupita mkononi mwake. Alikuwa na sindano ya mti ya kufumia, akawa anavuta kila kiungo kwa ncha yake, kisha anakivuta tena. Fundi wetu Svend hakuchoka kumchokoza: "Bi Dagny, unang'oa meno ya ng'ombe?" Naye alikuwa akijibu bila kuinua macho, "Lete lako, Svend, tuone kama limeshika."

Aidha, yeye ndiye aliyejibu simu za waliokwama. Mwalimu mmoja wa mji wa Holstebro alipiga akiwa amefura, akidai tumemuuzia takataka. "Mwalimu, waya umeukwangua kabla ya kulehemu?" "Niukwangue nini? Ni shaba tupu!" "Si tupu, mwalimu. Shaba hiyo imevaa nguo ya rangi, na umeme haupiti juu ya nguo." "Basi ngoja niivue," akasema mwalimu. Siku hiyo tulimsikia Bi Dagny akicheka. Naomba nisamehewe nikisema kwamba siikumbuki nyingine.

Ijumaa iliyopita wafanyakazi walimuuliza angependa zawadi gani. Aliomba kiti chake cha dirishani kwa saa moja, na kipande cha lehemu. Alifungua shali ileile. Redio yake ilikuwa imekaa rafuni kwake miaka yote, na kile kiungo hakukigusa kamwe, yeye aliyevigusa vya kila mtu. Alikipasha moto hadi lehemu ikatiririka, akangoja ipoe, akakivuta kwa sindano, akakivuta tena. Kisha akaiwasha kwenye masafa ya wavuvi.

Siku hizi hakuna azungumzaye huko. Mashua zina vyombo vingine vya mawasiliano. Ulitoka mvumo mtupu. Bi Dagny akagonga meza kwa kidole. Mvumo haukukatika. Akagonga kwa ngumi, kahawa ikamwagika. Haukukatika.

"Sasa inasikia," alisema. Svend akaleta kitambaa, akaifuta kahawa.

Bi Dagny, kwa niaba ya karakana, na kwa niaba ya nyumba zote ambazo redio zake hazikunyamaza wakati wa upepo, pokea shukrani zetu. Tunakuombea siku tulivu na usingizi mzito. Kiti cha dirishani hatumpi mtu. Kahawa ikichemka, njoo.

Ejnar Villadsen