Kwa Nini Watoto Wanafika Baridi

Sogeeni, wanangu, na mfunge huo mlango, kwa maana ninayotaka kusema nitayasema mara moja tu, na pumzi yenyewe mnaisikia ilivyo. Wewe kifungua mimba kaa hapa miguuni, wewe mwalimu vuta kile kiti, na wewe kitinda mimba wangu uache kunishika mkono kama mgonjwa wa zamu yako. Leo mimi ni mama yako, mapigo yangu hayakuhusu. Sista naye asitoke. Tumefanya kazi wodi moja tangu sijaota mvi, na nataka awepo mtu wa kuwaambia wengine kwamba niliyasema haya nikiwa na akili zangu timamu.

Jana mlikaa sebuleni mkinong'ona mkidhani nimelala. Masikio haya yamezeekea kwenye wodi ya watoto, ambako mtoto aliyezidiwa halii, anaguna tu, na daktari asiyesikia mguno hafai. Sasa ukuta wa sebule utanizuia nini? Nikawasikia mkikubaliana kwamba mdogo wenu aikatae ile nafasi ya utafiti, abaki aniuguze mpaka mwisho, na nikamsikia yeye mwenyewe akisema sawa, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu ili wakubwa waridhike. Jibu lake linatakiwa kesho. Ndiyo maana nimewaita leo.

Tuanze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni yenu watatu, isiuzwe wakati yeyote kati yenu hana pa kulala. Gari ni la kifungua mimba. Umelitukana miaka yote, kila ukifungua boneti unauliza aliyeliunda alikuwa na ugomvi na nani; sasa ni lako, litukane kama mwenye mali. Mwalimu, chukua meza yangu ya kuandikia na ile redio, na vyombo vya jikoni mgawane bila kununiana. Vitabu vyangu vya udaktari vipelekwe wodini. Wewe kitinda mimba usivitamani, vingi vimepitwa na wakati, na nikikuachia wewe utaviamini kwa sababu tu vina mwandiko wangu pembeni.

Sasa hilo la utafiti. Ninyi wawili mnaliita karatasi. Mkubwa ulisema kazi ya daktari ni kutibu, hizo karatasi zitamngoja. Sikukasirika, kwa sababu hata wakubwa zangu wa kazi waliwahi kusema hivyohivyo wakiwa na makoti meupe. Lakini nisikilizeni. Wodini kwangu kulikuwa na sharti kwa kila daktari aliyekuja kusomea ubingwa wa watoto: kila Jumatano aje na swali kuhusu mtoto aliyemshika kwa mikono yake mwenyewe, na liwe swali ambalo mimi sina jibu lake. Akileta lenye jibu kitabuni, namwambia akae chini. Wengi waliziogopa hizo Jumatano kuliko mitihani. Walikuwa wamezoea kuulizwa, kuuliza kulikuwa kunawatoa jasho, na wengine walikuja na maswali ya kunifurahisha, nami sifurahishwi kirahisi, Sista ni shahidi.

Mdogo wenu alipokuja kwangu sikumpendelea. Watu walingoja waone mama na mwana, wakaona mama mkali na mwana aliyenuna. Jumatano moja akasimama akauliza kwa nini watoto wachanga wanaohitaji kulazwa kwetu wanaondoka chumba cha uzazi wakiwa na joto na kufika kwetu wakiwa baridi, wakati kati yetu na wodi ya wazazi ni korido tu. Daktari mmoja akacheka, akasema ongeza blanketi. Nami nilitaka kusema hivyo, nikajikuta sina hakika. Blanketi zilikuwepo.

Basi huyu mdogo wenu mpole akachukua kipimajoto akaanza kufuatana na kila mtoto anayeletwa. Akagundua kwamba mama akiwa bado anashonwa, mtoto anabebwa na shangazi au baba, wanasimamishwa kwenye dawati la uandikishaji, karibu na ule mlango ambao haujawahi kufunga vizuri, na pale ndugu anafunua blanketi ili karani aone jina lililobandikwa mguuni. Ndugu mmoja, halafu mwingine, halafu mpishi anayepita naye anataka kumwona mgeni. Kichanga kinapoa watu wakikifurahia.

Sote tulipita pale kila siku, wanangu, na mtoto akipoa sana damu yake inaharibika, anaacha kunyonya, na wako niliowafunika uso kwa mikono hii wakati huenda waliharibikia pale dawatini. Nasema huenda. Sijui, na yeye hajui. Yeye anadhani kwamba huyo shangazi au baba akiwekewa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, shati likafungwa juu yake, atafika naye akiwa na joto, hata wakisimama. Labda amekosea. Labda baba anayetetemeka kwa hofu hana joto la kutosha. Ndicho anachokwenda kuuliza, kwa njia ambayo mtu wa hospitali nyingine anaweza kuiamini, na nafasi kama hizi kwa madaktari wanaosomea watoto hazidondoki barabarani. Watampa msimamizi, watamfundisha takwimu, watampa hospitali za mbali zenye watoto wengi wa kuwapima. Akikataa kesho atapewa mwingine mwenye swali lingine. Nalo litakuwa swali zuri, sina ubaya nalo, lakini wa koridoni wataendelea kupoa.

Nipe maji. Taratibu. Inatosha.

Kitinda mimba, wewe sikiliza haya peke yako, ndugu zako wakiyasikia si kitu. Usimwombe mama ridhaa akiwa katikati ya uchungu. Mwombe kliniki mapema, wakati bado ana nguvu za kukukatalia, na akikataa mpe mtoto wake huduma ileile na tabasamu lilelile. Siku ya kwanza kabisa, kabla chai haijapoa mezani, uliza majina ya nani yatawekwa kwenye makala. Aliwahi kuja bingwa mmoja mgeni, akakusanya vipimo vya watoto wetu, Sista akakesha naye kuvipima, na makala ilipotoka hatukuwemo hata kwenye shukrani. Sikumsamehe. Sitaki mrithi kinyongo hicho, nitaondoka nacho mwenyewe, ila ninyi msimfanyie mtu hivyo. Na jibu likija si lile ulilolitaka, liandike vilevile. Hapo ndipo nitakapojivunia, kuliko ukipata sifa.

Kifungua mimba. Inua uso. Najua kwa nini wewe ndiye uliyeshikilia sana abaki. Baba yenu alipokata roho ulikuwa safarini na lori la watu, fundi wao wa njiani, na baba yenu mdogo akasimama mbele ya waombolezaji akasema mtoto wa kwanza anafuata magurudumu wakati baba yake anakufa. Nilikuja kuyasikia baadaye sana, na si kutoka kwako. Tangu siku hiyo hujawahi kulala mbali na nyumba hii, hata kwa kazi nzuri. Unadhani unanitunza mimi, na kweli unanitunza, Mungu akulipe. Lakini pia unaogopa mdogo wako asije akasimangwa ulivyosimangwa. Ni upendo huo, nimeuona, nakushukuru. Ila mwanangu, baba yako hakukuita. Alikuwa anajua uko kazini, na neno lake la mwisho lilikuwa kuniuliza kama barabara ni kavu.

Lia tu. Hapa hakuna mgeni.

Mpango ni huu, nimeshazungumza na Sista. Asubuhi atakuja yeye kunifunga hivi vidonda vya kulala sana. Kunigeuza kitandani utanigeuza wewe mkubwa. Mtu anayeshusha injini atashindwa na bibi aliyebaki mifupa? Usiku ni wa mwalimu, anisomee kitu chochote isipokuwa insha za wanafunzi wake. Supu iwe nyepesi. Mkinikosea nitawaambia.

Na wewe kitinda mimba unaondoka. Nikifa ukiwa huko na umeshaanza kuwapima watoto, usiwaache katikati. Usije kunizika. Nimesema, usinitikisie kichwa. Hao ndugu watakaofunga shati juu ya vichanga watakuwa wamekuamini, na mimi sitakuwa nahitaji kugeuzwa tena.

Pumzi... ngojeni.

Watu watauliza. Baba yenu mdogo bado yu hai, na mdomo wake una afya. Atasimama aulize daktari wa nyumba hii yuko wapi, binti gani huyu asiyemzika mama yake. Usimjibu kwa hasira, kifungua mimba. Nakuachia wewe kazi hii, si mwalimu, wewe. Simama pale ambapo hukuwepo siku ile, useme kwa sauti ya watu wote kusikia: mama alimtuma.

Basi. Mama alimtuma. Mtoto akitumwa na mama yake, nani ana la kusema?

Mungu awape usingizi mzuri, wanangu, na kazi mnayoipenda, na mtu wa kuwauliza kama barabara ni kavu. Mpendane. Sista... mfunike huyu mkubwa mabega, anatetemeka.

Kitinda mimba. Sogea. Njoo karibu zaidi, sauti haifiki.

Nakutuma. Nenda kawaandikie ndiyo.