Nilimwomba Mungu Aifiche Ile Saa

Jina la Bwana liinuliwe ndani ya chumba hiki, ndugu zangu, ila tuliinue polepole, maana kuta za mtaa huu wa Ruwais ni nyembamba na jirani wa juu ametoka zamu sasa hivi.

Kwa wageni, mimi ni Mwikali, mtoto wa Kitui. Hapa Jeddah nina miezi minane. Kabla ya hapo nilikaa Riyadh miaka mitatu, mtaa wa Sulimaniyah, katika nyumba yenye vioo vingi kuliko kazi ya vioo. Kazi yangu ni hiyo yenu: kupika, kufua, kupiga pasi, na kufuta lile vumbi ambalo ukilitoa asubuhi, jioni limerudi na ukoo wake. Naanza na vumbi kwa sababu mtu wa kufuta vumbi huona vitu ambavyo wenye nyumba hawavioni. Mtanielewa mbele.

Leo nimesimama kuwaambia uongo wangu na wema wa Mungu. Acheni nianze na uongo.

Bosi wangu wa Riyadh, ambaye nilimwita Baba kama tunavyowaita wote, ana binti mmoja, Nufu, wa miaka ishirini na miwili. Nufu alishinda kwenye simu akitazama vijana wanaozunguka Asia na begi moja mgongoni. Wanalala hosteli kwenye vitanda vya juu na chini, wanakula kando ya barabara, wanaingia msituni kwa miguu. Akataka na yeye. Baba akasema Malaysia sawa, lakini ni hoteli nzuri ya Kuala Lumpur, wiki mbili, na Mwikali aende naye. Siku ya safari akaniita sebuleni akaniwekea pasipoti yangu mkononi. Ndugu zangu, nyinyi mnajua uzito wa pasipoti mkononi mwako katika nchi hii. Akaniambia, "Binti yangu ni amana kwako. Kila jioni baada ya magharibi nitumie picha. Utume wewe, sio yeye. Yeye namjua. Wewe nakuamini."

Katika ile hoteli tulilala usiku mmoja tu.

Mchana wa kwanza Nufu alinikalisha na kunisimamisha pale mapokezi, kwenye kochi la kijani, tukapiga picha. Akibadilisha mtandio nami nabadilisha kitambaa, tunapiga tena. Mara kumi na mbili. Picha kumi na mbili za siku kumi na mbili. Alipomaliza akapangusa mikono akasema, "Halas. Baba mafi mushkila." Yaani kwisha, Baba hatatusumbua.

Jioni nikazipitia zile picha moja moja, nikaona kosa. Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Nufu, kulikuwa na saa kubwa ya shaba. Picha ya kwanza ilisema saa tisa na dakika kumi. Ya pili, na dakika kumi na nne. Ya tatu, na dakika kumi na tisa. Likizo yote ya siku kumi na mbili ilikuwa imeisha kabla ya saa kumi na robo.

Ningemwambia Nufu tungezirudia. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka kubadilisha vitambaa, na nikajiambia watu wenye pesa hawaangalii ukuta. Badala yake nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba: Mungu wangu, ifiche ile saa. Mnacheka, chekeni. Ndivyo nilivyoomba, tena kwa machozi, mimi niliyeokoka.

Na nisiwadanganye mara ya pili: nilifurahia. Tulipanda mabasi ya bei ya chini, tukalala chumba kimoja na wasichana wa Kijerumani wanaokoroma, tukala wali wa nazi uliofungwa kwenye jani hadi tukazoeana na wauzaji. Nufu alifua nguo zake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, nikamfundisha kukamua. Kuna siku begi langu lilikatika mkanda, akanibebea. Miaka mitatu nilimbebea vitu yule msichana, na siku hiyo akanibebea yeye. Kila jioni natuma picha, kila jioni Baba ananijibu, "Mungu akulinde, Mwikali." Lile jibu lilikuwa likinichoma, lakini natuma nyingine kesho yake.

Siku ya tisa tuliingia msituni. Watu wa hosteli walituambia tuchukue mtu wa kutuongoza. Nufu akasema huyo ni ghali na kwenye simu yake kuna ramani. Tukabeba kila kitu, kwa sababu tulipanga kutokea upande wa pili na kupanda basi huko. Kwa hiyo pale hosteli walijua tumeondoka. Baba alijua tuko kwenye kochi la kijani. Hakuna mtu duniani aliyejua tulipo, na aliyefuta nyayo zote hizo ni mimi.

Tulitembea saa mbili hivi tukafuata alama nyekundu kwenye miti. Mvua ikaanza. Tukafika kwenye mto mdogo wenye gogo la kuvukia. Mimi nikavuka nikiwa nimekaa, nakokota makalio kama mtoto. Nufu akavuka amesimama. Aliteleza hatua mbili kabla ya kufika. Nilisikia mfupa, ndugu zangu. Chini ya goti, mguu ulipinda pahali ambapo mguu haupindi. Simu yake ikaenda na maji na ramani yake.

Nilimvuta hadi kwenye jiwe pana chini ya ukingo. Juu ya hapo ukingo ulikuwa mkali, nikajaribu kumpandisha mara tatu, akapiga kelele hadi akazimia kidogo. Na mto ulikuwa unapanda. Niliweka kijiti kando ya maji. Nilipogeuka tena, kijiti hakipo.

Simu yangu haikushika mtandao. Nikamwambia Nufu napanda kilima kutafuta. Akanishika mkono kwa kucha. Na mnajua aliogopa nini? Hakuogopa maji. Akaniambia, "Apa hutamwambia Baba ukweli. Mwambie nimeanguka bafuni hotelini." Nikaapa. Ili aniachie mkono, nikaapa.

Kile kilima nilikipanda kwa mikono na magoti. Ruba wameniganda miguuni, siwezi hata kusimama kuwatoa. Juu nikapata mistari miwili ya mtandao. Sasa nimpigie nani? Namba za polisi wa kule sikuzijua, lugha yao sikuijua. Namba ya maana ilikuwa moja, na mwenye namba hiyo nilimdanganya siku nane mfululizo. Nikisema bafuni, watamtafuta bafuni, na mto utamaliza kazi yake. Nikisema kweli, nimekwisha mimi: jela, au kurudishwa Kitui na jina baya. Nilikaa kwenye tope nikalia, lakini sikukaa sana. Nikapiga.

Riyadh ilikuwa asubuhi. Baba alipokea kwa furaha. Nikamwambia yote kwa Kiarabu changu cha jikoni: msitu, mto, mguu, maji. Akaniambia nimpe Nufu simu. Nikasema hayuko nami, yuko chini. Hapo sauti yake ikabadilika. Akaniamuru nitume mahali nilipo kwenye ramani. Nikatuma. Akaona kijani kitupu, hakuna barabara, hakuna nyumba.

"Jana umenitumia picha yake hotelini," akasema. "Leo wewe uko porini na binti yangu simsikii. Umemfanya nini? Mnataka pesa ngapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposhika moto. Nimesema kweli, na kweli imekataliwa kwa sababu uongo wangu ulikuwa mzuri mno. Alikuwa anataka kukata simu awapigie polisi wanikamate mimi, na polisi wangeanzia hotelini. Nikamlilia Mungu kwa Kikamba, pale pale, simu sikioni. Na kitu nilichokiona mbele ya macho yangu ni ile saa ya shaba.

"Baba," nikasema, "usikate. Fungua picha zote. Usimwangalie Nufu. Angalia ukuta."

Hakukata. Nasikia mvua na pumzi yake tu. Nikaendelea kumwambia: ya kwanza ni saa tisa na dakika kumi, ya pili na kumi na nne, ya tatu na kumi na tisa. Tulizipiga zote siku moja, Baba. Hatujawahi kurudi pale. Nimekudanganya kila magharibi.

Alizifungua. Kisha nikamsikia akisoma kwa sauti ndogo, kwa Kiarabu, dakika moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma. Alipofika ya nane akasema, "Ya Rabbi." Halafu akasema, "Niambie jina la ule mji. Niambie njia. Polepole." Nikamwambia mji, hosteli, alama nyekundu, gogo. Akaniambia, "Rudi kwake. Usimwache tena."

Niliporudi, maji yalikuwa yamepanda juu ya jiwe. Nikakaa nyuma yake, nikamwinua kifuani, mguu ukabaki majini. Nikamwambia, "Nimemwambia Baba yote." Akageuza uso. Maji yalifika kiunoni, yeye akaanza kusoma dua zake, mimi nikaimba nyimbo zangu, na sijui Mungu alitusikiaje wote wawili kwa wakati mmoja, lakini alisikia. Jua halijazama, tukasikia injini. Walinzi wa msitu, wanaume wanne na boti la mpira. Walitujia moja kwa moja. Mmoja wao alinieleza baadaye kwa Kiingereza kwamba saa moja zaidi wangekuta gogo na mabegi tu.

Baba alifika hospitalini kesho yake. Alikaa kwanza na binti yake. Kisha akaja nje kwenye benchi nilipokuwa, akakaa mbali kidogo.

"Nilikupa amana, umenirudishia," akasema. "Lakini kila picha utakayonitumia tena, nitaangalia ukuta. Siwezi kuishi hivyo nyumbani kwangu."

Nikasema, "Naam, Baba." Alikuwa na haki. Hakunipeleka polisi. Alinihamishia kwa dada yake hapa Jeddah, mtaa wa Baghdadiyah, ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ikabadilishwa, na ndiyo sababu mnaniona leo. Nufu alikaa miezi mitatu bila kunijibu. Juzi akanitumia video anatembea bila gongo. Hakuandika neno, na mimi nililia nikiwa napika.

Namshukuru Mungu aliyelikataa ombi langu. Nilimwomba aifiche ile saa, akaiacha wazi, akaitunza pale ukutani hadi siku ya shida.

Sasa naomba niwaguse, msinikasirikie. Kila mmoja humu ana picha amepiga kwenye kochi la madam, amevaa vizuri, anacheka, na ameituma nyumbani. Mama zetu wanazionyesha kanisani. Na yule anayefungiwa mlango, yule ambaye hajalipwa, yule anayelala jikoni, naye ametuma ya kochi. Siku maji yatakapopanda, nani atakuja kututafuta, na tuko wapi?

Wiki iliyofuata ile hospitali nilimpigia mama yangu Kitui. Nikamwambia yote ya miaka mitatu: mikono iliyoungua na dawa za kusafishia, siku nilizolala njaa kabla sijazoea, msitu, uongo. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza, "Na ile nyumba ya kwenye picha zako, yenye taa za dhahabu, si unaishi humo?"

"Naisafisha, mama."

Kisha akasema, "Basi nitumie picha ya pale unapolala. Nikiomba, nijue naomba ukiwa wapi."

Nilimtumia: godoro, ndoo, na pasi ukutani. Ameiweka kwenye Biblia yake.

Ndugu yangu, dada yangu, Mungu tayari anajua ulipo. Mtumainie yeye, na kabla hujalala leo, mwambie mtu mmoja tu ukweli huo wa ulipo. Simu zenu ziko hapo mikononi. Mimi nakaa, nyinyi pigeni.