Mama Jozi Hakutenganisha

Mama yetu, ambaye soko zima lilimwita Mama Jozi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Alisema kujumlisha alijifunza shuleni. Kutoa alifundishwa na wateja.

Mwaka 1974 alifungua kibanda cha viatu vya mitumba karibu na kituo cha mabasi. Mbele alipanga vya mguu wa kushoto tu. Vya kulia vilikaa kwenye gunia alilolikalia, mwizi asipate jozi. Tarehe 5 Februari 1977 alifunga ndoa na fundi seremala, mtu mpole, aliyemtengenezea rafu na kumwachia kazi ya kusema. Walijaliwa mabinti wawili.

Juni 1988 mvulana wa miaka kumi na mmoja alichomoa viatu viwili vidogo kibandani, akakamatwa. Mama akaenda mahakama ya watoto kama mlalamikaji. Kwenye benchi akamkuta mdogo wa yule mvulana, msichana wa miaka sita, amevaa viatu vile vile. Vyote vya kushoto.

Watoto hao walikuwa yatima. Hakimu alieleza kwamba mahakama yake ilikuwa na mamlaka juu ya wote wawili: kaka kwa kosa, dada kwa kukosa mlezi. Kaka angepelekwa shule ya maadilisho, dada makao ya watoto, mji mwingine kabisa.

"Mlalamikaji, una la kusema?"

"Ninalo, mheshimiwa. Tangu nianze kuuza viatu sijatenganisha jozi. Nipe wote."

"Mama, hapa si sokoni."

"Najua. Sokoni ungeshanipunguzia."

Karani alicheka mpaka akaangusha kalamu. Hakimu akampa wote wawili kwa miezi mitatu ya majaribio, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii.

"Miezi mitatu hata kiatu hakijazoea mguu. Fanya mwaka."

Wakapatana miezi sita, ikaongezwa tena na tena. Yule dada alipotimiza miaka kumi na minane, Mama alimrudisha kwa hakimu kuuliza kama mahakama bado inamhitaji.

"Hatuna tena mamlaka juu yake."

"Vizuri," Mama akamgeukia binti. "Twende nyumbani, vyombo vinakusubiri."

Yule mvulana ndiye anayewasomea haya, na kibanda sasa anakiendesha yeye.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009. Agosti 2022 alikatwa mguu wa kulia. Alipozinduka alimwambia mwanawe huyo, "Sasa nami naweza kuibia pale mbele." Alifariki nyumbani, usingizini, alfajiri ya tarehe 3 Mei 2023, akiwa ameacha agizo: "Mnizike na viatu vyote viwili. Msiniaibishe."

Ameacha mume, watoto wanne, wawili aliowazaa na wawili aliowapata mahakamani, na wajukuu saba. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, na mheshimiwa hakimu mstaafu, aliyeketi pale mbele, kwa kukubali kupatana.

Viatu vimewekwa, cha kushoto na cha kulia. Yule dada amevikagua mwenyewe. Apumzike kwa amani Mama Jozi, akiwa kamili.