Mikono ya Fanueli

Kijiwe chetu cha Chumbageni kilikuwa mbele ya jiko la kahawa la Mwinyijuma. Asubuhi ile ya mwaka hamsini na saba hakuna aliyecheka. Fanueli, fundi cherehani, alikaa katikati yetu, kikombe kikimtetemeka, kahawa ikimmwagikia magotini. Kwa muda mrefu alikuwa akisikia sauti zikimwamuru amchome mkewe kwa mkasi. Daktari mmoja wa hospitali ya wagonjwa wa akili alikowahi kulazwa, aliyekuwa akichunguza namna dawa zinavyofanya kazi ubongoni, akampa vidonge vipya. Sauti zikanyamaza, lakini mikono ikaharibika. Hata kutunga uzi kwenye sindano hakuweza. Sasa daktari alitaka kupunguza vidonge aone itakuwaje, na Manase, kaka yake Fanueli, alitakiwa kupeleka jibu siku hiyo hiyo.

— Usikubali, Manase, akasema Khalifa, mwenye minazi Pangani, tuliyemwita Kadhi kwa kupenda kuhukumu. Jini hajatoka huyo. Kafungiwa ndani, anagonga mlango. Ndiko huko kutetemeka.

— Jini gani, Kadhi! akadakia Miraji, ambaye jina lake kijiweni ni Redio. Daktari mwenyewe kasema ubongoni mna vitundu kama vya kufuli. Kidonge kinaziba kitundu, sauti haipiti.

— Na mikono je?

— Kimeziba na cha mikono! Hajui kipi ni kipi, anapapasa tu.

— Muongo wewe.

— Wallahi! Na zile sauti kazitia chupani, zinapelekwa Ulaya. Utamsikia jini wako anasoma habari!

Manase akabwaga kikombe chini.

— Nyamazeni! Huyu ndugu yangu yupo hapa, mnamsema kama maiti!

Hapo akafika Anjela, mke wa Fanueli, kajifunga khanga kwa nguvu kiunoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Shemeji, nasikia mnaamua. Vidonge vikipunguzwa, sauti zikarudi, nani kati yenu atakuja kulala kwetu?

Kadhi akatafuta senti mfukoni, akamlipa Mwinyijuma.

Fanueli akaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

— Hapana wa kulala kwetu, akasema, ulimi mzito. Nitamwambia daktari mimi mwenyewe. Apunguze, lakini nikiwa wodini, mlango umefungwa.

— Uliapa hutarudi kule, Anjela akasema.

— Niliapa. Lakini nataka kushona tena, mke wangu. Na wewe nataka ulale.

Anjela akainama, akamfuta kahawa magotini kwa ncha ya khanga. Wakaondoka, Manase nyuma yao.

Fanueli alikaa wodini, vidonge vikipunguzwa, mpaka vuli ikaisha. Aliporudi, mikono ilitetemeka kidogo tu. Sauti moja ilibaki, alituambia, lakini ya mbali, na aliweza kuikatalia. Shati la kwanza alilolishona lilipinda mshono wa bega. Manase alilivaa kanisani.