Mungu Alivyoniponya Kidevu, Mimi Kinyozi wa Magunga

Bwana asifiwe, wapendwa! Nyinyi mlioketi karibu na mlango sijawasikia. Bwana asifiwe! Amina!

Mimi ni Okoth, kinyozi hapa Magunga. Vichwa vya wengi wenu navijua kuliko mnavyovijua wenyewe. Lakini leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa hiki kidevu changu. Kitazameni vizuri, ndugu zangu, kwa sababu kuna wakati nilikifunga kitambaa hata juani.

Nilikuwa nikinyoa ndevu leo, baada ya siku mbili tatu nywele zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, kila moja inaota kipele. Vipele vya usaha, vinauma hata nikilalia mto. Kwa mtu mwingine hiyo ni aibu tu. Kwa kinyozi, ndugu zangu, ni njaa! Mteja anaketi kwenye kiti, anatazama kioo, anaona kichwa chake, na juu yake anaona kidevu changu. Siku moja mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Omera, ndugu yangu, na wewe unanyolewa na nani?" Wakacheka. Nikacheka pia. Lakini aliyekuwa akingoja zamu yake aliinuka polepole, akavuka barabara kwa kinyozi mwingine. Wakasema mashine zangu zina ugonjwa. Wengine wakasema ni chira, eti nimevunja mwiko wa nyumbani. Jumamosi nzima kiti kitupu!

Nikaenda Isebania kununua nyembe. Huko mchuuzi akanionyesha kichupa cha dawa ya kuondoa chunjua na sugu za miguu. "Ina asidi ya salisiliki," akasema. "Hata warembo wa televisheni wanapaka hiyo hiyo usoni." Mimi nilisikia uso, sikusikia miguu. Nikarudi nyumbani, nikanyoa safi kwa wembe mpya, nikapaka kidevu chote.

Ee Bwana! Ilikuwa kama nimelalia makaa! Kulipokucha ngozi ilikuwa nyeupe, ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, ikabaki nyama nyekundu. Nikajua uso wangu umeharibika kabisa. Nililia, ndugu zangu. Nikasema, "Mungu, sina kazi nyingine. Nionee huruma."

Mke wangu Akinyi akaniletea viatu. "Baba Awuor, tumeomba. Sasa vaa twende hospitali, Homa Bay."

"Uso huu niupitishe stendi?"

"Huo huo. Mungu hajaukataa."

Daktari wa ngozi, mama mmoja mpole, akasoma kichupa. Nikamwambia, "Daktari, tupa hiyo sumu."

Akatabasamu. "Si sumu. Ni dawa nzuri, lakini hii ni kali, imetengenezewa ngozi ngumu ya miguu. Ya usoni huwa hafifu, asilimia mbili au chini ya hapo. Inalegeza ngozi iliyokufa, inazibua vitundu, nywele zinapata njia ya kutoka. Wewe umeweka kali, tena kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa!"

Akaniambia niache kila kitu, nitumie maji safi na mafuta ya mgando tu, na wembe niuweke kando. Ngozi ilipofunga ndipo akanianzishia ile hafifu, mara chache kwa wiki, mbali na macho na midomo, na si siku ya kunyoa. Mchana nipake mafuta ya kukinga jua. Na ndevu nizipunguze kwa mashine, nisizikwangue hadi kwenye mizizi.

Haikuwa siku moja. Lakini vipele vilinyauka, kimoja kimoja! Asubuhi moja Akinyi akanipapasa kidevu, akaruka. "Ni nani huyu amelala kitandani kwangu?" Haleluya! Tuliimba mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani.

Wateja wamerudi, na wenye vipele kama vyangu wananiuliza nilitumia nini. Ndugu zangu, siwapaki! Nawauliza kwanza. Kama aspirini inakudhuru, hii usiiguse. Kama ni mama mjamzito, au ni ya mtoto, muulize daktari. Na usijipake mwili mzima, maana inaingia hadi kwenye damu.

Mama yangu mzazi ana sukari. Alitaka ile ya sugu kwa ajili ya unyayo wake. Nikamwambia, "La, mama, mwenye sukari anaweza kupata kidonda kisichopona." Akakasirika. "Umepona wewe, mimi unaninyima?" Nikampeleka kliniki, na walipomvua kiatu wakakuta kidonda kimeshaanza chini ya ile sugu, naye hakuwa anasikia maumivu! Wakakitibu mapema. Mguu uko, wote, na vidole vyake vyote!

Mpendwa, kama una jambo unalificha kwa kitambaa, mwamini Bwana, kisha umwonyeshe daktari. Mungu wetu haoni aibu kuponya kwa mkono wa mtu. Nawashukuru kwa maombi yenu. Sasa mama, simama wakuone. Wapige makofi, wewe uwachezee!