Udongo wa Loishiye na Bahari Asiyoijua

Kijiwe chetu cha Ngarenaro kiko nje ya gereji, na benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha Peugeot iliyokufa. Tangu ruksa ya biashara huria iingie, kila mtu hapa ni mfanyabiashara na kila mfanyabiashara ni mchumi. Asubuhi ile Loishiye, mkulima wa kule juu mto Themi, alikuja amenuna. Bwana mmoja wa mazingira alikuwa amemwamuru ang'oe maharage yake yote ukingoni, la sivyo siku hiyohiyo watakuja kuyafyeka wenyewe, eti shamba lake linapeleka tope baharini. Mimi hasira zilinipanda kabla sijaonja kahawa.

— Baharini! — Loishiye alifoka. — Bahari yenyewe sijawahi kuiona, nitaichafuaje?

— Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia mto Pangani — alisema Ndesanjo, muuza mitumba tunayemwita Profesa. — Mvua ikipiga, udongo wako unasafiri bila tiketi.

— Na waliokata miti kule juu kwa misumeno ya moto? Malori ya mbao si yalipita hapahapa? Wao mbona hawafyekwi?

— Wao wana leseni, kaka.

— Basi mimi sing'oi hata jani!

Bariki, fundi tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alidakia.

— Nyie hamna habari. Ule udongo umejaa kule Pangani, mto unapoingia baharini, mpaka imeota nchi mpya. Wakubwa wameshagawana viwanja vya hoteli. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo ni methali ya kuweka akiba, Redio — nilimwambia.

— Si ndiyo hiyo, akiba ya wakubwa!

— Masika iliyopita mto ulinibebea hata masale niliyopanda mpakani — Loishiye alinung'unika.

Profesa aliweka kikombe chini. Kwao Uchagani mmea wa isale ndio bikoni ya mpaka, hausogezwi bila ugomvi wa ukoo mzima.

— Masale yameondoka? Basi mshikaji, penye isale lako ndipo penye mpaka wako. Shamba lako sasa linaishia Pangani!

— Kweli?

— Mila ni mila. Hoteli ya wakubwa imekaa juu ya maharage yako.

— Basi wanipishe, mbuzi wangu wakaoge bahari!

Tulishangilia mpaka mafundi wakaacha kazi. Mama mmoja aliyekuwa anangoja pikapu yake itengenezwe, nyuma imejaa nazi, akatugeukia.

— Samahanini, kaka zangu. Mie natoka huko Pangani. Nchi mpya hakuna. Bahari inakula ufuo, minazi ya marehemu baba imeanguka yote. Sisi tunalia udongo hauji.

— Hauji? — Profesa alishtuka. — Sasa unaishia wapi?

— Wazee wetu wanasema unatuama kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mto ukitoka pale umeshatua mzigo.

Loishiye alisimama wima.

— Yaani nafyekewa kwa tope ambalo halijafika! Waje! Nitasimama katikati ya maharage, wanifyeke na mimi!

— Wanakuja lini? — mama aliuliza.

— Leo!

— Na saa hizi nani amesimama huko?

Redio alianza kufuta spana iliyokuwa safi, Profesa akakumbuka mitumba yake. Loishiye alikuwa ameshavuka barabara, anakimbia kuelekea mlimani na fimbo yake. Nikamwaga kahawa, nikamfuata.